Daktari Aliyeshuku Habari Njema

Asubuhi ile mke wangu Hisae aliinusa tofu, ile jibini ya soya, kabla ya kuila. Alinusa kila kitu. Akasogeza bakuli dirishani, akaigeuza tofu kwa kijiti, akasema tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ni ya uongo.

"Nimeinunua jana," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwa yuleyule wa siku zote."

"Hao ndio wanaojua kukudanganya."

Akaila yote. Kisha akaonja supu, akanitazama juu ya miwani.

"Umepunguza miso."

"Sijapunguza."

"Mzee, umepunguza."

Nilikuwa nimepunguza, maana miso ni soya iliyojaa chumvi. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu, na yeye, daktari mzima, hakutaka kuisikia habari hiyo. Akainuka, akachota kijiko kingine cha miso, akakoroga polepole huku ananitazama ili nione. Nje theluji ilikuwa inayeyuka na kudondoka kutoka paani. Nikasema baridi inaisha. Akasema theluji inatuhadaa tu tuvue makoti.

Kesho yake alianguka bafuni. Hakusema tena neno. Maua ya plamu yalipochanua, mimi na dada yake tulikuwa tumeshamchoma kama desturi yetu, tukaiokota mifupa yake kwa vijiti na kuitia chunguni.

Sasa wanafunzi wake wanatengeneza kitabu cha kumkumbuka. Walikuja watatu, suti nyeusi, na boksi la keki ya dukani. Keki, kwa mtu aliyetwanga mchele wa kunata kuwa mochi maisha yake yote. Mkubwa wao akasema, "Mzee Kashiwakura, tuandikie kidogo. Alivyokuwa mpole nyumbani."

Hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa kushuku. Mimi nimesoma ile shule ya lazima tu na kuandika kwangu ni kwa shida, lakini hilo nitaliandika. Wakilifuta nitajua.

Duka letu la mochi liko mtaa wa Teramachi, chini ya ukuta wa hekalu. Baba alilianzisha, mimi nikalirithi. Hisae alipanga chumba cha juu alipokuwa anasomea udaktari. Mwezi wa kwanza alishuka ngazi na mochi mbili mkononi, akaniuliza kwa nini ya jana na ya leo hazina uzito mmoja wakati bei ni moja. Alikuwa amezipima kwenye mizani ya chuoni. Mama akanivuta pembeni akaninong'oneza: "Huyo msichana atakutesa." Wazazi wake nao wakamwuliza fundi wa mochi anataka nini kwa binti wa watu. Tukaoana hivyohivyo, kila upande unauchungulia mwenzake. Watoto hatukupata.

Kazi yake ilikuwa saratani ya watoto. Mchana aliwatibu, na saa zilizobaki aliichunguza maabarani. Saratani moja ndiyo iliyomnyima raha tangu ujana. Inaota juu ya figo. Zamani watoto waliletwa wakiwa na miaka mitatu, minne, tumbo gumu kama ngoma, macho yamezungukwa na weusi kama waliopigwa ngumi. Karibu wote walikufa. Alirudi nyumbani na harufu ya wodi, akaoga, akala, akalala.

Kisha ikaja karatasi. Wa rika langu wanaikumbuka. Mtoto akitimiza miezi sita mama anatia kipande cha karatasi kwenye nepi, kikilowa mkojo anakianika kikauke, anakitia kwenye bahasha, anakituma kwa posta. Uvimbe ule hutoa kitu kinachoingia kwenye mkojo. Maabara ikikiona, mtoto anaitwa. Japani nzima ilifanya hivyo. Hisae alizunguka kwenye kumbi za vijiji kuwafundisha akina mama, kwa miguu, amevaa buti za theluji, na mimi nilimpakia mochi za kuwagawia. Watoto wakaanza kukamatwa wadogo, uvimbe bado mdogo. Wakakatwa, wakapewa dawa, wakapona. Karibu wote. Magazeti yakaandika. Mkuu wake, Profesa Numajiri, akapewa nishani, na picha yao wote ikatundikwa ukumbini.

Kwenye picha hiyo kila mtu anatabasamu isipokuwa mke wangu. Anaonekana kama mtu aliyenusa kitu.

Siku moja alikaa karibu nami nikichambua maharage mekundu ya kutia ndani ya mochi. Maharage yana mawe yake, yaani punje zisizoiva hata uzichemshe mpaka kesho. Mteja akizitafuna anavunja jino.

"Hebu sema," akaniambia. "Umepata njia mpya ya kuchambua. Kila siku unatoa punje mbaya nyingi, kikapu kinajaa. Watu wanakusifu. Lakini wateja wanavunjika meno vilevile, idadi ileile ya zamani. Utafikiri nini?"

"Nitafikiri wateja wana meno mabovu."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Akafuta macho. "Na Profesa anafikiri hivyohivyo."

Ndipo akanieleza. Watoto wa karatasi walikuwa wengi kuliko watoto wote waliowahi kuugua zamani. Wote hao wametoka wapi? Na wale wa miaka mitatu na minne, wenye macho meusi, bado waliletwa, na hawakupungua. Wengi wao walituma karatasi wakiwa wachanga, wakajibiwa wako salama. Kwa hiyo alishuku kwamba karatasi inakamata uvimbe mwingine, wa aina ya kujiyeyukia wenyewe, ambao mtoto angekua nao na kuusahau bila mtu kujua. Na ule unaoua unapita.

"Kwa hiyo hao mnaowaponya..."

"Hawakuwa wanakufa." Akaokota punje moja, akaichungulia. "Labda. Nashuku tu."

Miaka mingi baadaye wizara ilizisimamisha karatasi zile nchi nzima. Lakini siku zile ukisema neno hilo ulikuwa unawatukana akina mama wote waliokushukuru.

Majira ya baridi ya mwaka huo mtoto mmoja wa kiume alikufa wodini. Alikuwa mtoto wa karatasi. Alikatwa vizuri, akapewa dawa, dawa zikammaliza. Hisae aliingia dukani hakuvua koti.

"Saratani?" nikauliza.

"Wataandika saratani."

"Na wewe unasemaje?"

"Alikuja mnene, anacheka. Uvimbe kama kokwa moja." Theluji ilikuwa inayeyuka mabegani mwake na yeye hakuifuta. "Alikuja anacheka, Mzee."

Baada ya hapo akaanza kuwaambia wazazi wachache, wale ambao uvimbe wa watoto wao ulikuwa mdogo na haujasambaa, kwamba kuna njia ya kusubiri. Hatukati. Tunapiga picha ya ultrasaundi kila mwezi. Ukikua, tunakata siku hiyohiyo. Wengi walikataa. Nani akubali kulala nyumba moja na saratani ya mwanawe? Profesa Numajiri alimruhusu kwa maandishi na kumkataza kwa mdomo. "Unacheza kamari na watoto wa watu," alimwambia mbele ya wauguzi. Alikuwa na sauti nene, alipenda mochi zangu za unga wa soya, na hakumpenda mke wangu.

Ndipo ikaja zamu ya nyumba ya miavuli.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka letu, kuna duka la miavuli la bibi Igarashi Tsune. Mwanawe Morio alipata binti, Chinami. Karatasi ya Chinami ikarudi na jibu baya. Wakatuma nyingine, jibu baya. Picha ikaonyesha uvimbe juu ya figo ya kushoto, kama yai la kware. Hisae akawaambia Morio na mkewe Fumie wasubiri. Wakakubali, kwa sababu ni jirani, na kwa sababu Fumie alikuwa anatetemeka akisikia neno kisu. Lakini waliweka mpaka. Siku Chinami atakapotimiza mwaka, uvimbe usipokuwa umepungua, wanampeleka hospitali ya Tokyo akatwe, na Hisae asiseme neno.

Akisubiri naye akakosea, mtoto angekufa. Akikatwa bila sababu, angeweza kwenda kama yule mvulana. Mtaa mzima uliijua habari hiyo kabla ya jioni.

Tsune alikuja dukani, anajifanya mteja.

"Yasuzo, mkeo yupo?"

"Yuko hospitali, dada Tsune."

"Anafanya nini huko? Maana kukata hakati. Nipe mbili za maharage. Za leo, siyo za jana unazozipaka unga upya."

"Sijawahi..."

"Aa, niache mimi. Mtoto wa muuza samaki alikatwa. Mtoto wa mwalimu akakatwa. Wa kwetu anatazamwa. Kwani mjukuu wangu sinema?"

"Amesema ukikua atakatwa siku hiyohiyo."

"Amesema! Na wewe unaamini kila anachosema mkeo?"

"Hapana."

Hilo likamchekesha kabla hajajizuia. Kisha uso ukarudi pale pale. "Yule anajua nini? Tumbo lake halijawahi kubeba mtoto. Anamtazama wetu kama panya wa maabara."

Nikaendelea kutwanga. Nilimfungia mbili za maharage, na ya tatu ya bure niliyozoea kumwongezea sikumwongezea.

Lakini neno la panya halikunitoka. Asubuhi iliyofuata nilimwuliza Hisae tukiwa mezani.

"Unamhitaji yule mtoto?"

"Namhitaji vipi?"

"Kwa kazi yako. Wakikatwa wote, hutajua nani angepona mwenyewe."

Akaweka vijiti chini. Nilidhani atakasirika.

"Ndiyo," akasema. "Namhitaji asikatwe. Namhitaji sana. Kwa hiyo jicho langu juu yake halifai. Nikikwambia uvimbe umepungua, unishuku. Mwambie na Tsune anishuku."

"Anakushuku tayari."

"Vizuri. Nipe chai."

Picha ya mwezi wa kwanza, yai la kware lilikuwa palepale. Ya mwezi wa pili, likawa limeongezeka kidogo.

Siku hiyo Tsune alisimama katikati ya barabara, mwavuli mkononi na hakuna mvua. "Ukikua siku hiyohiyo, si ndivyo alivyosema?" alinipigia kelele. "Haya! Siku ndiyo hii!"

Hisae hakumkata mtoto. Alisema daktari kijana aliyepima alipima mtoto analia na kujinyonganyonga, kwa hiyo kipimo ni kibovu. Akampa mwingine apime, Chinami akiwa amelala. Ikaja namba ya zamani. Akampa wa tatu bila kumwambia mtoto ni wa nani. Namba ya zamani tena.

Tsune alisikia, akaja mpaka mlangoni kwetu. Hisae mwenyewe alikuwepo.

"Daktari, ulipoona umekua ukapima. Ukapima tena. Ukapima mpaka uvimbe ukachoka kukua, siyo?"

Nilimtazama mke wangu. Mimi pia nilikuwa nimefikiri hivyo, neno kwa neno, tangu asubuhi.

Hisae alisogea mpaka kizingitini. Mikono yake ilikuwa kwenye mifuko ya koti.

"Ningekuwa wewe, bibi, ningesema hivyohivyo," akajibu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi sitapima tena. Wala watu wangu."

"Nani atapima?"

"Profesa Numajiri."

Tsune akabaki mdomo wazi. Mtaa mzima ulijua wawili hao hawasalimiani. "Yule? Si anataka ushindwe?"

"Ndiyo maana."

Tangu hapo kila mwezi Profesa alipima mwenyewe kwa mkono wake, na Hisae alikaa nje kwenye benchi la korido pamoja na wazazi, hakuingia. Aliniambia Profesa alimwuliza, "Unataka kunitegea nini, Kashiwakura?" Akamjibu, "Nimekutegea ukweli, Profesa. Ukiukanyaga, piga kelele." Sijui kama alisema hivyo kweli. Alipenda kutengeneza majibu yake njiani akirudi.

Mwezi wa tatu: palepale. Wa nne: palepale. Fumie alikonda. Morio akanunua tiketi za treni ya Tokyo. Hisae nyumbani akawa hanusi kitu. Alikula chochote nilichomwekea, hata kilichoungua. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Kwetu mtoto akitimiza mwaka anafungwa mgongoni mochi ya uzito wa karibu kilo mbili, ndani ya kitambaa, ajaribu kusimama nayo. Ni chakula cha maisha yake yote, ndiyo maana ni kizito. Akianguka na kulia, watu wanapiga makofi. Akisimama na kutembea, wazee hawapendi. Husema atahama nyumbani mapema, kwa hiyo mtu humsukuma kidogo akae. Tsune alikuja kuagiza.

"Nusu," akasema.

"Nusu ya nini?"

"Mochi ya nusu uzito. Mtoto mgonjwa habebi nzima. Usibishane nami, Yasuzo."

Nilimwambia Hisae. Akasema, "Twanga nzima."

"Umeshajua jibu?"

"Hapana. Picha ni asubuhi ya siku yenyewe. Lakini mtoto huyo hajawahi kuumwa hata siku moja. Twanga nzima."

Sikumwamini yeye wala Tsune. Nilitwanga zote mbili, ya nusu na nzima, nikazifunika kwa vitambaa viwili tofauti, nikavuka nazo barabara. Ndani ya duka la miavuli jamaa walikuwa wamekaa wamenuna. Wali wa maharage mekundu ulikuwa tayari na hakuna aliyeugusa. Mabegi ya safari yalikuwa mlangoni, yamesimama kati ya miavuli. Tsune aliona vitambaa viwili, akanitazama.

"Mwoga wewe," akaniambia.

"Ndiyo, dada."

Akanisogezea mto nikae.

Teksi ilikuja. Alitoka Fumie na mtoto, na uso wake nilishindwa kuusoma. Akatoka Morio. Hisae alitoka wa mwisho, akasimama kando akifunga vifungo vya koti vilivyokwisha kufungwa.

"Sema basi!" Tsune akamfokea mwanawe. "Umekuwa bubu?"

"Profesa amepima mara tatu," Morio akasema. "Akaitukana mashine. Akaagiza waletewe nyingine kutoka chumba cha pili. Akapima tena."

"Halafu?"

"Halafu akatoka, akamwambia Daktari, 'Njoo utazame mwenyewe.' Daktari akakataa kuingia. Akamwambia, 'Nitajie namba.'"

"Morio, nitakupiga na mwavuli!"

"Umebaki kama punje ya haragwe, mama."

Fumie akakaa chini palepale kizingitini, mtoto mapajani, akalia kwa sauti. Tsune hakulia. Alinyoosha mkono bila kunitazama, nikampa kitambaa cha mochi nzima. Akamfunga Chinami mwenyewe, mafundo mawili kifuani, akayavuta kuhakikisha.

Chinami aliinuka kwa mikono na magoti. Akatikisika. Akasimama. Kisha, mbele ya macho yetu, na kilo zote zile mgongoni, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, anaelekea kwenye mabegi ya safari.

"Ataondoka huyo!" mjomba mmoja akapiga kelele. "Mzuieni!"

Tsune akamgusa begani kwa kidole kimoja. Chinami akakaa kitako, puu, akaangua kilio, na wote tukapiga makofi kama wendawazimu. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa mke wangu. Alikuwa amechuchumaa karibu na mtoto. Kila mtu akiwa anashangilia, yeye alikuwa anamwangalia Chinami machoni, chini ya kope, pande zote mbili, pale ambapo ule weusi huwa unaanzia. Alipomaliza akaniona namtazama. Akageukia upande mwingine.

Tsune akammiminia Hisae sake, pombe ya mchele, kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Sijawahi kumwona akimwinamia mtu hivyo.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua, Daktari," akasema akiwa bado ameinama. "Ulijua muda wote, ukatuacha tunakonda."

Hisae akainusa sake kabla ya kuinywa.

"Sikujua, bibi, nilishuku tu," akasema. "Na mwezi ujao mleteni tena, maana hiyo punje iliyobaki bado naishuku."